Komeo la Nyumba ya Mzee Hatuondoki

Mimi kazi yangu ni kushona. Kibaraza ni changu, benchi ni langu, cherehani ni yangu, lakini ukipita hapa asubuhi utadhani mimi ndiye mgeni. Wenyewe wamejaa. Wanakunywa kahawa ya jirani, wanaegemea vitambaa vya wateja wangu, na nikisema neno naambiwa ninyamaze kidogo, watu wanaongea.

Siku hiyo Redio ndiye aliyefungua mjadala. Tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Zamani alikuwa karani, sasa amestaafu, na shughuli yake ni kusoma habari kwenye simu kwa sauti, utafikiri sisi wengine hatukupita hata mlangoni mwa shule.

"Sikilizeni hii," akasema, kidole juu. "Nyumba ya marehemu Mzee Hatuondoki, kiongozi wa wenyeji wa bondeni, inafunguliwa leo katika makumbusho. Imejengwa upya ndani ya ukumbi mkuu, kama ilivyokuwa wakati wa uhai wake. Mheshimiwa waziri atakata utepe."

"Ndani ya ukumbi?" akauliza Gia. Huyu anasukuma mkokoteni, na jina alijipa mwenyewe. "Yaani nyumba ndani ya nyumba?"

"Ndiyo maonyesho hayo."

"Na paa wameweka?"

"La bati, pamoja na mfereji wa maji ya mvua," akajibu Fundi Randa bila kutoa macho kwenye kikombe. Randa ni seremala wetu. Nyumba hiyo ameijenga yeye, na tangu aanze kuijenga amekuwa haongei na mtu mpaka aombwe.

"Mvua ya wapi, Randa? Ukumbi una dari."

"Mimi nimejenga nyumba. Mambo ya mvua muulizeni aliyeweka dari."

Gia akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali ya mteja wangu. Nikamwambia ataifua. Akasema itakauka.

Sasa kwa wewe usiyejua habari za Mzee Hatuondoki nikupe kwa ufupi, kwa sababu hawa hawatakupa nafasi. Wenyeji wa bondeni walikuwepo kabla mji haujafika. Mji ulipofika ukalitaka bonde. Wengine walichukua walichopewa wakatawanyika, yeye alikataa. Kila aliyemjia na karatasi alikaribishwa, akapewa kiti, akasikilizwa hadi mwisho, kisha akajibiwa neno moja: hatuondoki. Jina likamkaa hivyo. Walisubiri alazwe hospitali, ndipo wakaleta tingatinga. Mzee hakurudi kuiona, na mkewe, ambaye sisi sote tunamwita Bibi, akahamia chumba cha kupanga kwa binti yake. Makumbusho yakajengwa palepale bondeni. Mahali penyewe ilipokuwa nyumba, leo wanaegesha magari. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma, hata nikicheka.

"Mimi," akasema Redio, akajiweka sawa, "nilikunywa chai na Mzee, ndani ya nyumba ile ile. Nilikaa kulia kwake."

"Juzi ulisema kushoto," akasema Gia.

"Tulibadilishana viti."

"Mzee abadilishane kiti na wewe? Wewe hata hapa unanyang'anywa benchi."

Walikuwa bado kwenye kulia na kushoto tulipomwona Kamba anakuja mbio. Kamba ni mlinzi wa makumbusho. Kazi yake ni kusimama kando ya ile kamba nyekundu na kuwaambia watu wasivuke. Alikuwa na sare, kofia mkononi, jasho mpaka kwenye mkanda.

"Randa," akasema, hata salamu hakuna. "Chukua tindo, chukua nyundo, twende. Bibi amejifungia."

"Amejifungia wapi?"

"Ndani ya maonyesho."

Mguu wangu ukasimama kwenye pedali.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Sema polepole."

"Sikai, baba. Jana jioni wamemleta aangalie kwa mara ya mwisho. Akazunguka, akashika kuta, akasema vizuri sana. Kisha akamwambia mkurugenzi, mwanangu, hebu niacheni kidogo na mume wangu. Sasa utamkatalia mjane? Tukatoka nje sote, mkurugenzi na kitambaa machoni. Mara tukasikia komeo, kwaa."

"Kwaa," akarudia Gia, midomo imeanza kumcheza.

"Tukadhani analia. Tukampa muda. Baadaye tukasikia anakoroma."

Hapo Gia akaondoka kwenye benchi, akaenda kuushika mkokoteni wake ili acheke vizuri.

"Cheka tu," akasema Kamba. "Waziri yuko njiani. Mkurugenzi ameniambia, wewe ndiye mlinzi, aliyevuka kamba amevuka mbele yako, mtoe kabla mgeni hajafika, ukishindwa uvue sare uiache mezani. Na mke wangu amejifungua wiki iliyopita. Nirudi nyumbani nimwambieje?"

"Mwambie umefukuzwa na bibi wa watu," akasema Redio. Nikamkata jicho, akatazama simu yake.

"Umejaribu kuongea naye?" akauliza Randa.

"Nimejaribu. Nimesema, Bibi, fungua. Akauliza nani. Nikasema mimi. Akasema, wewe mimi nilikupokea kwa mikono yangu siku unazaliwa, na ulikuja miguu kwanza, ukanisumbua usiku kucha, leo unanisumbua tena? Mbele ya wafanyakazi wote, Randa. Mpaka wa usafi walikuwepo."

Hata mimi nilishindwa kujizuia. Nikainama nikajifanya natafuta sindano.

"Lakini swali langu ni moja," Kamba akaendelea, akamgeukia Randa. "Maonyesho yote mle ndani ni ya kutazama. Ngoma ya maonyesho haipigwi. Mkuki wa maonyesho ni butu. Wewe nani alikuambia uweke komeo linalofunga?"

Randa akaweka kikombe chini. Akafikiri.

"Bibi."

"Bibi?"

"Walimleta awe mshauri, ili nyumba iwe ya kweli. Nikamwonyesha mlango, nikamwambia komeo ni la kuchora tu. Akauliza, mume wangu alikuwa analala kwenye mlango wa kuchora? Mkurugenzi akasikia, akasema mama huyu ana jicho la historia, fundi weka komeo la kweli. Nikaweka la kweli. La chuma."

"La chuma kabisa?"

"Na kitanda akasema kiwe cha kweli, kisilie. Alikaa juu yake akaruka ruka kidogo. Mkurugenzi akaandika mahali kwamba mjane ameguswa."

Gia alikuwa amerudi, na kicheko kilikuwa kimeanza kumwisha usoni. Alikuwa anakuna shingo.

"Subiri," akasema. "Ule mzigo."

"Mzigo gani?" akauliza Kamba.

"Bibi aliniita nimpelekee mzigo wa maonyesho. Ndivyo alivyosema, mzigo wa maonyesho. Nikapakia. Unga, mchele, sukari, sabuni ya kufulia, blanketi mbili. Na birika la umeme. Nikamuuliza, Bibi, Mzee alikuwa na birika la umeme? Akaniambia, alikuwa analitamani."

"Na wewe ukapeleka?"

"Nimpinge Bibi kuhusu matamanio ya mumewe? Mimi nilikuwepo?"

"Mimi nilikuwepo," akadakia Redio. "Birika sikuliona."

"Wewe kaa kimya kulia kwako," akamwambia Gia.

Nikaona heri nami niseme kabla sijasemwa. "Na mapazia," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Mapazia ya maonyesho ukishona kitambaa chepesi inatosha, mtu apite atazame. Bibi alinijia hapa hapa. Akataka kitambaa kizito, na nyuma niweke bitana nyeusi. Nikamwambia, Bibi, watu wataona nini sasa? Akasema, kwani wakati Mzee yuko hai watu walikuwa wanachungulia chumbani kwetu? Nikaona aibu, nikashona. Na foronya za mito, na shuka la akiba."

"La akiba," akasema Kamba, taratibu, akaketi mwisho wa benchi. "Shuka la akiba kwenye maonyesho."

Tukatazamana. Jambo lilikuwa wazi kabisa. Kila mmoja wetu alikuwa ameulizwa kitu kidogo, peke yake, na kila mmoja alikuwa ameona ni heshima. Mkurugenzi naye, na digrii zake, alikuwa anaafiki kila kitu na kusema jicho la historia.

"Jamani," akasema Gia. "Bibi hakuwa anashauri. Bibi alikuwa anahamia."

Hapo ndipo kibaraza kilipolipuka. Kucheka kule sijawahi kucheka tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Randa, ambaye meno yake tunayaona kwenye harusi tu, alikuwa ameshika nguzo anatikisika. Hata Kamba alicheka, kofia usoni, akisema nimekwisha, nimekwisha, halafu anaanza upya.

Redio ndiye aliyetangulia kupoa. "Sasa tuwe watu wazima. Sheria ni sheria. Ukumbi ule ni mali ya umma."

"Na bonde lilikuwa mali ya nani?" nikamuuliza.

"Hayo mengine."

"Hayo ndiyo yenyewe, Redio. Wamebomoa nyumba ya mtu, wakaegesha magari juu yake. Sasa wameijenga tena, wamempa funguo wenyewe, wamempongeza. Kosa lake liko wapi?"

"Sisemi ana kosa. Nasema hana mkakati." Redio akavuta pumzi, nikajua sasa tunapigwa mhadhara. "Aliyezingirwa hatolewi kwa nyundo. Anatolewa na mwili wake mwenyewe. Chakula anacho, sawa. Chai anayo, sawa, birika la umeme. Lakini chai ikiingia, lazima itoke. Nyumba ile haina choo. Kamba, kaa hapa, kunywa kahawa yako. Mpaka waziri afike, Bibi atakuwa amefungua mlango mwenyewe, na anakimbia."

Kwa kweli hata mimi nilimwona ana akili. Kamba akainua kichwa, akaanza kupata matumaini. Kisha sura ikamwanguka.

"Lakini yuko mle tangu jana jioni," akasema. "Na hajatoka."

"Wazee wana uvumilivu," akasema Redio.

"Si kwa jambo hilo," akasema Gia. "Bibi yangu mimi usiku anaamka mpaka mbwa wamezoea, hawambwekei."

Randa alikuwa ameanza kufuta kikombe chake kwa kidole, kwa ndani, kwa bidii kubwa sana. Kikombe chenyewe si chake, ni cha jirani.

"Randa," nikasema.

"Naam."

"Choo."

"Sikujenga choo."

"Umejenga nini?"

Akatazama barabarani. "Mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma unatokea wapi?" akauliza Kamba.

"Koridoni. Mkabala na choo cha wafanyakazi. Upande wa koridoni nimepaka rangi ya ukuta, ukipita utadhani ni kabati la mafagio. Bibi alisimama pale na mkongojo wake, akapima pima, akasema, mlango wa nyuma ulikuwa hapa hapa. Mchoraji wa ramani alikuwa kwenye ngazi anahangaika na dari, akasema fuateni anavyosema mama."

Kamba alikuwa amesimama. Alikuwa anamtazama Randa, lakini nadhani alikuwa anaona mbali zaidi.

"Nyumba ya Mzee haikuwa na mlango wa nyuma," akasema.

"Una uhakika?"

"Mimi nimekulia pale, Randa, ukuta kwa ukuta. Tulikuwa tunaingia kuiba sukari, watoto wa bondeni wote. Bibi akitushika hakuwa anatukimbiza. Alikuwa anasimama mlangoni tu, mikono kiunoni, anatusubiri. Hapakuwa na pa kutokea. Mlango ni ule mmoja." Akakaa tena. "Kwa hiyo na huu aliutunga."

"Sasa nyumba ina miwili," akasema Randa.

"Basi umepona," Redio akamwambia Kamba, akampiga begani. "Huhitaji nyundo wala tindo. Pita kabati la mafagio, mshike Bibi mkono kwa adabu, mtoe, sare yako unabaki nayo. Hata waziri hatajua."

Ilikuwa kweli. Nilimwona Kamba anapanga na kupangua, anamfikiria mtoto wa wiki moja, anafikiria ile mikono kiunoni. Mimi nilitamani kumwambia asiende, lakini mshahara si wangu. Nikakanyaga pedali nikashona mshono ambao haukuhitajika.

Simu ikaita. Kamba akaiangalia. Redio akambonyezea spika, bila kuombwa, kama kawaida yake.

"Uko wapi wewe?" Ilikuwa sauti ya mkurugenzi, na nyuma yake ving'ora. "Waziri anashuka kwenye gari. Fundi umempata?"

"Nimempata, mkuu."

"Hakuna muda wa kuvunja tena, wana kamera. Muulize fundi, kuna njia nyingine ya kuingia? Yoyote?"

Randa akainamisha kichwa. Redio akamwonyesha Kamba kwa mikono: sema, sema. Gia akamshika Redio mikono akaikalia.

"Hakuna, mkuu," akasema Kamba.

"Una hakika?"

"Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja tu. Mimi nimekulia pale. Ni historia, mkuu."

Mkurugenzi akaguna kama mtu aliyekanyagwa. "Sasa mimi nifanye nini? Niambie. Nifanye nini?"

Kamba akavaa kofia yake, sijui kwa nini, labda aongee akiwa kazini kwa mara ya mwisho. "Mwambie Mheshimiwa apige hodi, mkuu. Ndivyo watu walivyokuwa wanaingia."

Simu haikukatwa. Nadhani mkurugenzi aliisahau mkononi. Tukajazana juu yake, vichwa vinagongana. Tukasikia viatu vingi kwenye sakafu, mkurugenzi anaeleza kitu kwa haraka, mtu anakohoa. Kisha sauti nene: "Hodi."

Akarudia.

"Hodi hapa."

"Nani?" Alikuwa Bibi. Sauti kavu, ya mtu aliyelala vizuri.

"Mimi waziri, mama."

"Hiyo ni kazi yako. Nauliza wewe mtoto wa nani."

Gia alikuwa anajiuma ngumi. Tukasikia sauti nene ikishuka, ikitaja jina la baba, kisha la mama, na kwao ni wapi, kama anavyojieleza kijana aliyetumwa kuposa.

"Haya, vua viatu upite. Hao wenye kamera wabaki nje, nyumba ni ndogo."

Kwaa.

Sitakudanganya kwamba tulisikia yote waliyozungumza. Tulisikia kijiko kwenye kikombe. Tulisikia waziri akicheka, kisha Bibi akiongea polepole kwa muda mrefu. Mwisho mlango ukafunguliwa, waziri akauliza kwa nguvu, nadhani kwa ajili ya kamera: "Na sasa mama, sherehe ikiisha, utarudi lini nyumbani?"

Bibi akajibu neno moja.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kumbe neno hilohilo makumbusho walikuwa wameliandika juu ya mlango kwa herufi kubwa za shaba. Kamba alituambia baadaye kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeshika ngazi siku ya kulipachika.

Mkurugenzi aliporudi kwenye simu alikuwa mtu mwingine. "Kamba, upo? Mheshimiwa amefurahi sana. Amesema ametembelea makumbusho mengi, haya ni ya kwanza kuyakuta na mwenye nyumba. Ametangaza mbele ya kamera kwamba mama akae hapa anavyotaka yeye. Nimemwambia tulipanga hivyo tangu mwanzo."

"Hongera, mkuu."

"Rudi kazini haraka. Kamba nyekundu tunaitoa. Wewe utasimama mlangoni, wageni wapige hodi, uwatambulishe kwa mama. Amesema anakutaka wewe, hataki mwingine. Amesema ulimsumbua ukizaliwa, sasa utamlipa."

Kamba alifuta macho kwa kofia, na hakuna aliyemtania, ingawa nafasi ilikuwepo.

"Na jambo moja dogo," mkurugenzi akaendelea. "Mama anasema fundi aje na mafuta, bawaba za mlango wa nyuma zinalia akitoka usiku."

Tukamsikia anavuta pumzi.

"Kamba. Mlango gani wa nyuma?"

Kamba akakata simu.

Randa akanyoosha mkono, akachukua kichupa changu cha mafuta ya cherehani, akatia mfukoni, akashuka kibarazani bila kuaga. Gia akageuza mkokoteni, akimwambia Kamba apande, mlinzi wa mlango wa Mzee haendi kwa miguu. Redio akakimbilia ubavuni mwao, akiuliza kama na yeye atapokelewa.

"Utapiga hodi kama waziri," Kamba akamwambia kutoka juu ya mkokoteni. "Lakini ile ya kulia na kushoto uiache nje na viatu. Bibi anakumbuka wote waliokunywa chai yake."

Redio akapunguza mwendo, lakini hakurudi.

Mimi nikabaki na benchi langu, tupu, jambo ambalo nimelililia miaka yote. Nikavumilia kidogo, kisha nikashindwa. Nikafunga duka. Mwenye suruali alifika mchana akakuta kufuli, na kesho yake akaja amefura, na doa la kahawa ameliona. Nikamwomba radhi, nikamwambia kuna jirani yetu wa zamani amerudi nyumbani kwake, tulikwenda kumkaribisha.